Kamera za panorama za lenzi inayozunguka, Horizon na ndugu zake: maswali mnayoniuliza kila siku

Wakuu, kila nikiweka picha ndefu za Feri au Kariakoo najazwa maswali yaleyale, nikaona niandike yote sehemu moja ili nikiulizwa tena natuma linki tu naendelea na shughuli zangu. Mimi natumia Horizon 202, ya Kirusi, kwa hiyo mengi yanatoka hapo, ila Widelux na Noblex ni ukoo mmoja na tabia zao zinafanana sana. Majibu mengine ni marefu kuliko mengine, yale marefu ndo yaliyonilia filamu.

Hii kamera inafanyaje kazi hasa?

Kamera ya kawaida inafungua shata, mwanga unaingia kwenye fremu nzima kwa mkupuo, inafunga, basi. Hii sio hivyo. Lenzi imekaa ndani ya dramu, kitu kama kikopo kilichosimama wima, na nyuma ya dramu kuna mwanya mwembamba wa kwenda juu na chini. Ukibonyeza, dramu inageuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine na ule mwanya unapita juu ya filamu kama mtu anayefagia uwanja, anaanza huku anamalizia kule. Filamu nayo haijanyooka, imelala kwenye mkunjo nyuma ya dramu ili kila sehemu yake iwe umbali uleule na lenzi. Kwenye Horizon 202 lenzi ni milimita 28, fremu ni 24 kwa 58, na unapata upana wa nyuzi 120, yaani karibu kila kitu unachokiona bila kugeuza shingo.

Sasa shika hili moja maana nitalirudia mpaka mchoke: picha haipigwi kwa mkupuo, inafagiwa. Mwanzo wa picha na mwisho wake sio wakati mmoja. Karibu kila kituko cha hizi kamera, kizuri na kibaya, kinatoka hapo, na vilivyobaki vinatoka kwenye ule mkunjo wa filamu.

Tofauti na XPan ni nini? Na ile panorama ya simu?

Hasselblad XPan ni kamera ya kawaida yenye fremu ndefu, lenzi imetulia, filamu imenyooka, ukipiga ukuta ulionyooka unatoka umenyooka. Haifiki nyuzi 120 hata kidogo. Kamera ya lenzi inayozunguka inaona mbali zaidi pembeni lakini inapinda mistari ya kulala. Kuna na kundi la tatu, zile ambazo kamera nzima inazunguka juu ya stendi na kumaliza nyuzi 360, hizo sizigusi hapa.

Panorama ya simu, amini usiamini, ndo ndugu yake wa karibu zaidi. Simu nayo inafagia, vipande vipande halafu inaunga, na umbo la picha linatoka lilelile la kujipinda. Ndo maana mtu akitembea unapozungusha simu anatoka na miguu mitatu. Horizon haiungi kitu, kwa hiyo hamna miguu mitatu, kuna mguu mmoja mrefu tu.

Zipo aina gani?

Wazo lenyewe ni la zamani mno, Friedrich von Martens alikuwa na kamera ya namna hii Paris miaka ya 1840, anazungusha lenzi kwa mkono kwa kishikio kama anasaga kahawa, na Kodak waliuza Panoram kuanzia 1899. Unazoweza kukutana nazo leo ni hizi.

Za Kirusi zimetoka kiwanda cha KMZ pale Krasnogorsk, karibu na Moscow. Ya kwanza FT-2, mwishoni mwa miaka ya 1950, fremu zake ni 24 kwa 110, ndefu ajabu, na aliyeibuni ni Fyodor Tokarev, ndiyo, yuleyule aliyebuni bastola ya TT. Ni kitu cha kuweka kabatini zaidi kuliko kutumia maana inataka makopo yake maalum ya filamu. Ikafuata Horizont kuanzia 1967, halafu Horizon 202 kuanzia 1989, halafu S3 na zile Kompakt na Perfekt zilizouzwa na Lomography. Kompakt ina tundu moja tu la kupitisha mwanga, f/8 (namba ya f ikiwa kubwa tundu ni dogo), na spidi mbili, mchana na usiku, kwa hiyo kama unataka kujifunza kweli iruke.

Widelux ni ya Wajapani, kampuni ya Panon, lenzi ya milimita 26, imetengenezwa vizuri, lakini ina spidi tatu tu, 1/15, 1/125 na 1/250 ya sekunde. Hii ndo anayotumia Jeff Bridges, muigizaji, amepiga nayo picha nyuma ya pazia kwenye filamu zake kwa miaka mingi, na mwaka 2024 yeye na mkewe wakishirikiana na watu wa SilvergrainClassics wa Ujerumani wakatangaza kuirudisha kwa jina la WideluxX.

Noblex ni ya Dresden, Ujerumani, inatumia mota na betri. Dramu yake inazunguka duara zima, nusu ya kwanza inachukua kasi, nusu ya pili ndo inapiga, kwa hiyo inapofika kwenye filamu mwendo umeshatulia. Kuna ya filamu ya 35, ile ya kawaida, na kuna ya filamu ya 120, ile pana, ile 6/150 ina fremu kubwa ya milimita 50 kwa 120. Nzuri sana, ila ikifa umeme wake fundi wa mtaani atakutazama tu.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni Horizon 202. Haina betri kabisa, ni springi na meno tu, na bado inapatikana.

Nikinunua iliyotumika niangalie nini?

Sikiliza kwanza. Weka spidi ya 1/2, koki (yaani vuta springi iwe tayari kupiga), bonyeza, halafu sikiliza ule mlio, inachukua sekunde kadhaa kufika mwisho. Uwe mlio mmoja, krrrrrr, kama cherehani iliyopakwa mafuta. Ukisikia inakwama, inavuta pumzi, inaendelea, hiyo ina ugonjwa na nitaueleza chini.

Kama muuzaji yuko mbali, usikubali picha za kamera pekee, mwambie akutumie picha iliyopigwa nayo ya anga tupu au ukuta mweupe. Barabara na miti vinaficha uchafu, anga tupu halifichi. Mimi ya kwanza niliuziwa na jamaa kwa maneno matamu kwamba ni mpya haijatumika, na kweli haikuwa imetumika, ilikaa kabatini hadi grisi ikaganda kama nta. Haijatumika sio sifa kwa kamera hii, bora iliyokuwa inafanya kazi.

Fungua na mgongo uangalie ule mkunjo filamu inapolala. Pitisha ukucha taratibu, ukikutana na ukwaruzo ujue utauona kwenye kila picha, mstari mmoja mrefu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Filamu gani, na napata picha ngapi?

Filamu ya kawaida ya 35, ileile. Roli ya 36 inakupa kama 22 kwenye Horizon, 21 kwenye Widelux. Ndiyo ni chache. Utazoea kufikiri kabla ya kubonyeza, na mfuko utakusaidia kufikiri.

Mbona filamu inakatika au inakwaruzika nikiweka?

Kwa sababu unaiweka kama ya kamera ya kawaida. Hapa filamu inatakiwa ipite chini ya rola zote mbili, ya kushoto na ya kulia, ikumbatie ule mkunjo, halafu ndo iende kwenye meno na kuingia upande wa pili. Ukiipitisha juu ya rola badala ya chini, kamera inafunga vizuri tu, inahesabu vizuri tu, na picha zote zinatoka ukungu maana filamu imeelea hewani. Nilipiga roli nzima ya harusi ya binamu yangu hivyo. Nzima. Bahati nzuri hakuwa amenilipa.

Nikishaweka navuta kidogo nione meno yamekamata matundu ya juu na ya chini, nafunga, nakoki na kupiga mbili za bure, na nikiwa nakoki naangalia kile kitufe cha kurudishia filamu, kikizunguka maana yake filamu inavutwa. Kisipozunguka fungua mapema, usijipe moyo.

Na ukifika mwisho ukahisi mkono umegoma, usilazimishe. Rudisha filamu taratibu.

Kwa nini bahari yangu imejipinda?

Hili ndo swali namba moja, na jibu ni fupi: hukuishika kamera sawa. Kwenye kamera ya kawaida ukiinamisha, mstari wa upeo unapanda au kushuka ila unabaki mnyoofu. Hapa ukiinamisha kamera chini, upeo unavimba katikati kama mgongo wa kobe, ukiinua juu unabonyea kama bakuli, na ukiilaza upande mmoja unapata herufi S iliyolala. Ndo kazi ya ule mkunjo.

Horizon ina pima maji, kile kiputo kama cha fundi ujenzi, na unakiona humohumo ndani ya kitundu unachochungulia. Tabia yangu: kwanza kiputo, halafu mandhari, halafu kiputo tena, halafu nabonyeza. Wengi wanaangalia kiputo mwanzoni, mkono unashuka wakati wanasubiri boti ipite, basi. Pale Kivukoni ukielekea baharini utakuwa na maji mbele yako kutoka kushoto hadi kulia, kosa la nyuzi mbili tu linaonekana hadi na mtoto.

Shida ni kwamba ukishika sawa kabisa upeo unakaa katikati ya picha kila siku, juu nusu chini nusu, na picha zako zote zinaanza kufanana. Dawa sio kuinamisha, dawa ni kubadili mahali uliposimama. Panda ghorofani, au chuchumaa na uweke kitu mbele, ngalawa, kikapu, mtu amekaa, ili nusu ya chini iwe na kazi. Au kubali kujipinda lakini iwe kwa makusudi, mimi nikiwa kwenye ngazi za juu naangalia soko chini nainamisha kabisa hadi upeo unatoka nje ya fremu, hapo hakuna anayejua kimepinda nini.

Na majengo? Mbona nyumba zinavimba?

Mistari ya kusimama, nguzo, kona za majengo, inabaki mnyoofu ukishika kamera sawa. Ya kulala ndo inapinda, isipokuwa ule wa usawa wa jicho lako. Ukisimama mbele ya jengo refu linalokukabili, paa litainuka katikati na kushuka pembeni, na ukingo wa barabara utafanya kinyume, jengo lote linakuwa kama samaki, tumbo nene mkia na kichwa vyembamba. Hakuna utakachofanya, ndivyo jengo lilivyo kweli, katikati liko karibu na wewe na miisho iko mbali.

Kwa hiyo tafuta mahali ambapo vitu havikukabili kama ukuta. Simama kwenye kona ambapo mitaa miwili inakutana, unapata mtaa mmoja unakimbilia kushoto na mwingine kulia na jengo la kona katikati limetulia, watu hawatajua hata kuwa ni kamera ya ajabu. Kariakoo imejaa kona za namna hiyo. Ndani ya ua, ndani ya soko, ndani ya basi, kote huko inakaa vizuri maana vitu vimekuzunguka, na kamera yenyewe inaona kwa kuzunguka.

Nawapangaje watu kwenye picha ya familia?

Usiwapange mstari. Ukiwapanga mstari, wa katikati wanakuwa majitu na wa mwisho wanakuwa watoto, na shangazi aliyewekwa pembeni hatakusamehe. Wapange kwenye upinde, kamera ikiwa katikati ya duara, kila mmoja umbali uleule. Kwenye picha watatoka wamenyooka kama mstari wa gwaride.

Namna ninavyofanya: nachukua kamba ya mita 4, mtu mmoja anashika ncha pale nilipo, mimi nazunguka na ncha nyingine nikichora chini kwa kisigino, kama unavyochora duara shuleni kwa kamba. Upinde wa nyuzi 120 kwa mita 4 una urefu wa kama mita 8 na kidogo, hapo wanaingia watu 14 wakijibana kidogo na bado miisho ina nafasi. Juu na chini unapata zaidi ya mita 3, wanatosha wa mbele kukaa na wa nyuma kusimama, nao wa mbele wachore upinde wao. Ukuta wa nyuma utavimba, kwa hiyo bora nyuma pawe na miti au maji. Wazee wataona ajabu, mbona tunakunjwa kama mwezi mwandamo, we waambie wasubiri picha.

Ni kweli mtu mmoja anaweza kutokea mara mbili?

Kweli, na hamna ujanja wa kompyuta. Picha inafagiwa, si ndiyo? Weka spidi ya polepole, mtu asimame upande dramu inapoanzia, mwanya ukishampita anakimbia kwa nyuma yako wewe mpigaji, sio mbele, anajitokeza upande wa pili kabla mwanya haujafika. Jeff Bridges huwafanyia hivyo waigizaji wenzake, upande mmoja uso unacheka upande mwingine unalia, mtu yuleyule. Kwenye Horizon tumia 1/2, mwanga uwe hafifu au funga f/16, kamera iwe juu ya stendi. Watoto wa mtaani kwetu wakishajua hii kitu hutapiga tena picha ya kawaida siku hiyo.

Vitu vinavyotembea vinatokaje?

Inategemea vinaenda wapi. Kikienda uelekeo uleule na dramu, mwanya unakuwa kama unakifukuza, unakaa nacho muda mrefu, kinatoka kimerefuka. Kikija kinyume vinapishana haraka, kinatoka kimefupika. Nina negativu moja ya Morogoro Road, daladala mbili za aina moja zinapishana, moja imetoka fupi kama kirikuu, nyingine ndefu kama mwendokasi, na abiria wake dirishani wana nyuso pana kama chapati.

Kujua dramu ya kwako inaenda wapi toa filamu, koki, bonyeza, angalia lenzi ya mbele inageukia wapi, sio mwanya wa nyuma, huo unakwenda kinyume. Halafu kumbuka kitu kimoja ambacho watu hawakijui kuhusu Horizon 202: spidi za 1/60, 1/125 na 1/250 dramu inazunguka kwa mwendo mmoja, kinachobadilika ni upana wa mwanya. Kwa hiyo kutoka 1/60 kwenda 1/250 gari litakuwa kali zaidi, halitetemeki, lakini litabaki limerefuka vilevile. Ukitaka umbo lake la kweli, piga likiwa linakujia au linaondoka kukuacha.

Kuna mistari ya wima ya mwanga na giza kwenye picha, kamera imekufa?

Tuanze na maswali mawili. Ulipiga ndani au nje?

Kama ni ndani chini ya taa za tyubu au LED za bei rahisi, huenda kamera ni nzima. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa za namna hiyo zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini mwanya unaofagia unaona kila kitu, taa ikififia pale ulipofika panakuwa giza, ikiwaka panakuwa mwanga. Spidi ya 1/250 ndo mbaya zaidi. Shuka kwenye 1/8 au chini yake, kila sehemu ya filamu inapata miwako mingi na mistari inapotea.

Kama ni nje juani, basi dramu inasitasita. Inapochelewa filamu inapata mwanga mwingi, inapoharakisha inapata kidogo, ndo hiyo mistari. Mara nyingi ni grisi ya zamani, vumbi au baridi. Kabla ya kukimbilia kwa fundi, toa filamu, ipige tupu mara 20 au 30 kwa kila spidi, jioni tatu mfululizo ukiwa unaangalia taarifa ya habari. Yangu ilipona asilimia kubwa kwa hilo tu. Ikibaki, tafuta fundi wa saa au wa cherehani mwenye mkono mtulivu, sio wa simu, maana hapa ni meno na springi, afute grisi ya zamani na kuweka kidogo sana mpya. Kidogo sana. Ikimwagika ndani ya dramu inaishia kwenye lenzi. Na mimi nikimaliza kupiga siiweki kabatini ikiwa imekokiwa, springi nayo ichoke ya nini.

Ukiona mstari wa mwanga kwenye mwanzo wa picha tu, kila picha, hapo dramu inaanza uvivu. Wengi tunaishi nayo, unakata kidogo wakati wa kuprinti.

Napimaje mwanga, haina mita?

Jua kali la Dar saa sita, f/16 na spidi iliyo karibu na namba ya filamu, ile ISO iliyoandikwa kwenye kopo. Filamu ya 100 unaweka 1/125 na f/16, au 1/250 na f/11, imeisha hiyo. Filamu ya 400 juani ni kali kidogo kwa kamera hii maana mwisho wake ni 1/250 na f/16, mwanga unazidi kwa chini ya stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili), negativu ya rangi wala haisikii, ila slaidi, filamu inayotoa picha ya rangi halisi moja kwa moja, itasikia. Kwa kivuli na jioni tumia programu ya simu ya kupima mwanga.

Kasheshe ni kwamba nyuzi 120 ni pana hadi unakuwa na jua upande mmoja na kivuli kizito upande mwingine. Mimi napima kivuli ninachotaka kionekane, naweka hicho, upande wa jua negativu itaubeba. Pia kuna shimo: kwenye 202 kutoka 1/60 unaruka hadi 1/8, hamna 1/15 wala 1/30. Magharibi ikiingia unajikuta 1/60 haitoshi hata kwa f/2.8 na 1/8 inataka stendi. Beba filamu ya 400 jioni, au egemea nguzo.

Flashi?

Hapana. Flashi inawaka kufumba na kufumbua, mwanya wakati huo uko sehemu moja tu, utapata mstari mmoja mweupe wa wima na pembeni giza. Tumia taa inayowaka muda wote, na kumbuka yale ya hezi 50.

Nafokasi vipi?

Hufokasi. Lenzi imefungwa umbali mmoja maana ukiisogeza ile hesabu ya mkunjo inavurugika. Unachocheza nacho ni tundu la lenzi. Kwa uzoefu wangu f/2.8 usimsogelee mtu chini ya mita 5, f/8 mita 2 ni salama, f/16 unaweza kukaribia mita 1.

Vidole vyangu viko kwenye kila picha.

Karibu chamani. Nyuzi 120 ni pana kuliko mazoea ya mikono yako. Tumia ule mpini wa chini unaokuja nayo, na kama huna, shika kwa juu na nyuma, vidole visipite mbele ya uso wa kamera. Angalia na mkanda wa shingoni, upepo wa baharini unaurusha mbele ya lenzi. Asubuhi na jioni jua likiwa mgongoni kwako, kivuli chako kitalala katikati ya picha kirefu kama mnazi, na huwezi kukikwepa kwa kusogea hatua moja, geuka tu.

Naweza kuisimamisha wima?

Unaweza na ni tamu sana kwa minazi, minara, ngazi za ghorofani. Ila chini itaona hadi ardhi iliyo karibu na viatu vyako. Na kile kiputo hakikusaidii tena, ni jicho lako.

Nikipeleka kusafisha niwaambie nini?

Kusafisha ni kulekule, dawa zilezile, tanki lilelile. Tatizo linakuja wakati wa kukata. Mashine na vijana wa dukani wamezoea fremu ya milimita 36, kwa hiyo wanakata kila baada ya fremu nne au sita za kawaida, na mkasi unapita katikati ya picha yako. Imenitokea, machweo mawili nimerudishiwa nusu nusu kwenye bahasha. Sasa naandika kwa kalamu nene juu ya kopo la filamu: SAFISHA TU, USIKATE, USISKANI. Na bado nasema kwa mdomo pale kaunta, na nikimkuta kijana mwingine narudia tena.

Kuskani fanya mwenyewe. Skana bapa yenye kishikio cha filamu ya 120 inakubali fremu ndefu bila kuikata, au weka negativu juu ya taa bapa, piga kwa kamera ya dijitali vipande viwili vinavyopandana katikati, unaunga. Kwa wanaochapa kwa mkono kwenye chumba cha giza, inlaja (mashine ya kukuzia picha) ya filamu ya 35 haitoshi, tafuta ya 6 kwa 7.

Mchanga ukiingia?

Usiguse dramu kwa kidole, usiizungushe kwa mkono, na usipige hata moja ya kujaribu. Chembe moja ya mchanga wa Coco Beach ikiingia pembeni ya dramu inasaga hadi filamu iishe. Geuza kamera uso chini, puliza kwa kipuliza cha mpira, sio kwa mdomo maana mate yana unyevu, gonga taratibu kwa kiganja, puliza tena. Mimi ufukweni kamera inakaa ndani ya mfuko wa nailoni na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, naitoa, napiga, narudisha, hata kama nitapiga tena baada ya dakika mbili. Wauza madafu pale wameshanizoea, wananiita yule jamaa wa kamera ya kwenye rambo.